Mbuga na bahari kwa wiki mbili za Agosti: jibu kwa familia inayotoka Hamburg

Swali limetoka kwa dada mzaliwa wa Tanga anayeishi Hamburg na mumewe Mjerumani pamoja na watoto wao wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa. Watakuwa Afrika Mashariki kuanzia tarehe 1 hadi 15 Agosti 2026, mama yake mzazi atajiunga nao kutoka Tanga, na orodha waliyoiandaa ina Masai Mara, Serengeti, Ngorongoro, Zanzibar na Mombasa. Anauliza kama orodha hiyo inatekelezeka, kama ni bora kuanza na wanyama au na bahari, na ni wapi gharama zinaweza kupunguzwa bila kuwatesa watoto na bibi yao.

Dada, kuyafikia maeneo yote matano kwa muda huo kunawezekana, lakini sehemu kubwa ya likizo mtaimaliza ndani ya magari na kwenye viwanja vya ndege. Ushauri wangu ni kuiacha Kenya kwa safari nyingine, kuchagua hifadhi mbili za kaskazini mwa Tanzania zilizo karibu, kuanza nazo, kisha kushuka kwenda kwenye ufuo ulio upande mnaouelekea. Kwa kuwa nyumbani kwenu ni Tanga, ufuo huo kwa maoni yangu ni Pangani, na Zanzibar ibaki kuwa mahali pa kumalizia na kuondokea.

Nianze na Kenya, kwa sababu ndiyo inayovuruga orodha yenu. Kwenye ramani Masai Mara na Serengeti ni pori moja lililokatwa na mstari wa mpaka, na nyumbu huuvuka mstari huo kila mwaka bila kuulizwa pasi. Watalii hawana ruhusa hiyo. Njia ya Bologonja iliyokuwa ikiziunganisha hifadhi hizi ilifungwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, kwa hiyo msafiri wa barabara hulazimika kuzunguka hadi Sirari, kuvuka kuingia Isebania, kisha kurudi tena porini kwa upande wa pili, na kwa kawaida hubadilisha gari na dereva hapo mpakani. Pamoja na hayo, mgeni mzima asiye mkazi hutozwa dola 200 kwa siku Masai Mara kati ya Julai na Desemba, na kila anayeingia Tanzania akitokea Kenya huweza kudaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, jambo ambalo anayetoka Ujerumani moja kwa moja hana haja nalo. Ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki ambayo huenda mumeo ameisoma mahali ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, Tanzania haimo. Laiti nyumbani kwenu pangekuwa Mombasa, ningekwambia kinyume chake: pandeni treni kutoka Nairobi, shukeni Voi, lalani Tsavo Mashariki, kisha mteremke Diani, na Tanzania muisahau kwa mwaka huu.

Sasa niseme kuhusu nyumbu, kwa kuwa umeandika kwamba mumeo anataka kuwaona wakivuka mto Mara. Mwanzoni mwa Agosti makundi makubwa huwa kaskazini kabisa ya Serengeti, maeneo ya Kogatende na Lamai, na uvukaji hutokea kweli. Hata hivyo hakuna ratiba yake. Kundi linaweza kufika ukingoni asubuhi, likasimama kwa saa nne, kisha likageuka na kurudi malishoni, na wakati wote huo nyinyi mmo garini, juani, na mtoto wa miaka minne ambaye haruhusiwi kushuka. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni takriban saa saba au nane za barabara ambayo nusu yake ni vumbi na makorongo madogo madogo yanayolitetemesha gari hadi meno, na kutoka Seronera hadi Kogatende ni saa nyingine tatu au nne. Mtu mzima mwenye mgongo mzima anaivumilia safari hiyo. Sishauri kumpeleka mama yetu huko kwa barabara, na kumpeleka kwa ndege kutaongeza gharama ambayo umeniomba niipunguze.

Gharama yenyewe inahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu familia yenu ina watu wa viwango tofauti. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na mgeni hulipa kwa dola. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni mzima amekuwa akilipa dola 70 kuingia Serengeti kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, wakati Mtanzania mzima analipa shilingi 10,000. Umesema bado unashika pasi ya Tanzania. Basi wewe na mama yako mtalipa kama raia, ilimradi mnazo pasi au vitambulisho vya taifa mkononi, kwa kuwa lafudhi ya Kitanga haikubaliwi getini kama ushahidi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu, na wa miaka tisa hulipa kiwango cha watoto. Kuna jambo ambalo familia nyingi kama yenu hazilijui: mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania aliyezaliwa Tanzania anaweza kuwa raia kwa kurithi, na sheria humtaka achague uraia mmoja anapofikia utu uzima, yaani miaka 18. Ulizeni ubalozi wetu Berlin mapema, maana nyaraka huchukua muda, na faida yake haiishii kwenye tiketi ya mbuga. Msipoliwahi hilo, kila mwenye pasi ya Ujerumani, mtoto akiwemo, atahitaji viza ya dola 50, na aombewe kwenye tovuti rasmi ya Idara ya Uhamiaji, si kwenye zile za madalali zinazofanana nayo.

Kuna gharama nyingine iliyofichika kwenye njia ya Serengeti. Barabara ya kutoka Arusha hupita ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro kabla ya kufika geti la Naabi, na kupita tu kunalipiwa. Mkirudi kwa njia hiyo hiyo mtalipia tena. Kushuka kwenye kreta, yaani lile shimo kubwa la volkano la Ngorongoro, nako kuna tozo yake inayotozwa kwa gari, mbali na kiingilio cha kila mtu. Ndiyo maana nukuu mbili za wakala zinaweza kupishana kwa mamia ya dola huku majina ya hifadhi yakiwa yale yale: mmoja amehesabu tozo zote, mwingine ameziacha mzikute getini. Malipo ya getini hufanyika kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, na noti hazipokelewi.

Kwa sababu hizo, ninawapendekezea Tarangire na Ngorongoro, na Serengeti iwangoje hadi mdogo awe na miaka minane au tisa. Najua pendekezo hili litamkera mumeo, lakini azingatie mwezi. Agosti ni kiangazi, na Tarangire hustawi wakati wa kiangazi kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa mto wake ndio maji ya kutegemewa katika eneo zima na wanyama waliotawanyika wakati wa masika hurudi kuukusanyikia. Mtawaona tembo kwa makundi ya familia, mama na vitoto vyao, wakishuka kwenye mchanga wa mto. Mmoja hupekecha mchanga kwa mguu wa mbele, huingiza mkonga ndani ya shimo, husubiri maji yajichuje, kisha hunywa, na wadogo humzunguka wakisukumana kupata zamu. Mtoto wa miaka minne ataitazama picha hiyo kwa nusu saa bila kuuliza lini tunaondoka, wakati simba aliyelala chini ya mti humchosha ndani ya dakika tano. Kutoka Arusha hadi geti kuu la Tarangire ni kama saa mbili, karibu zote kwenye lami. Udhia wa Tarangire ni mbung'o, hasa kwenye vichaka, na wadudu hao huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi. Kwa hiyo suruali za jinzi na fulana nyeusi ziacheni hotelini.

Kutoka Tarangire mtapita Mto wa Mbu, mtapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kulala Karatu. Hoteli zilizo juu ya ukingo wa kreta zina mandhari isiyo na mfano, lakini bei zake ni za juu, na ukingo huo uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ambako asubuhi za Julai na Agosti huwa na ukungu na baridi ambayo hata mtu wa Hamburg ataiheshimu. Karatu ina joto kidogo zaidi, ina hospitali na maduka, na si mbali na geti la Loduare. Mwambieni dereva mfike getini linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mshuke kwa njia ya Seneto wakati wanyama bado wanatembea, na mpande kwa njia ya Lerai kabla ya saa nane mchana. Sweta zivaliwe tangu hotelini, kofia za watoto zisisahaulike, na mama yetu ajifunge kanga mbili. Kreta ndiyo nafasi yenu nzuri ya kumwona faru mweusi, ingawa mara nyingi ataonekana kama doa la kijivu mbali sana, kwa hiyo darubini moja nzuri ni bora kuliko simu tano. Msiahidi watoto twiga: hawaishi chini ya kreta, na mtawaona njiani au Tarangire. Mchana mtakula kwenye bwawa la Ngoitokitok, mahali mnaporuhusiwa kushuka, na hapo ninawaonya kwa dhati: kuleni mkiwa ndani ya gari. Mwewe wa pale wamezoea watu. Humjia mtu kwa nyuma, kimya, na kuondoka na paja la kuku lililokuwa likielekea mdomoni, na kucha zao hukwaruza vidole. Watoto wakubwa hucheka, wadogo hulia hadi jioni.

Kuhusu gari, kodini lenu peke yenu hata kama wakala atawashawishi kuchangia na wageni wengine ili bei ishuke. Familia yenye mtoto mdogo na bibi inahitaji kusimama inapotaka, na kundi la kuchanganya halina uvumilivu huo. Ombeni Land Cruiser yenye paa la kunyanyuka, na mama yetu akae mstari wa kwanza nyuma ya dereva, kwa kuwa viti vya mwisho viko juu ya magurudumu ya nyuma na ndivyo vinavyorusha zaidi. Kuingia kwenye magari hayo kunataka kupanda juu. Kigoda kidogo cha mbao cha kukanyagia hakigharimu chochote, na dereva mwema huwa nacho. Bebeni poti ya mtoto, kwa sababu vyoo viko kwenye mageti na sehemu za kulia chakula tu, na kushuka kichakani ni marufuku yenye sababu za wazi. Kiti cha mtoto cha garini mje nacho, maana wakala wengi hawana.

Sasa bahari. Swali lako la nini kitangulie lina jibu rahisi: wanyama kwanza. Mbugani mtaamka kabla ya alfajiri, mtakula vumbi na mtakaa wima siku nzima, na mwili unaotoka huko unadai kulala na kuoga. Tofauti ya saa kati ya Ujerumani na Tanzania wakati wa Agosti ni moja tu, kwa hiyo hamhitaji siku za ufukweni za kuzoea.

Mkitoka Karatu, lalani njiani. Moshi inatosha, au Same ikiwa mmefika mapema, ambako hifadhi ya Mkomazi iko jirani kwa atakayekuwa bado ana hamu ya wanyama. Siku inayofuata mtashuka na milima ya Upare na Usambara kushoto kwenu, mpitie Mombo, Korogwe na Segera, na kuingia Tanga alasiri. Kwa hesabu yangu siku hiyo itakuwa tarehe 8 Agosti, ambayo ni Nane Nane, hivyo piteni Arusha mapema siku iliyotangulia kabla foleni za maonyesho hazijawa kubwa, na mkumbuke kwamba kikomo cha mwendo vijijini ni kilomita 50 kwa saa na askari wa barabarani wako kila mahali. Lala nyumbani kwa mama. Wajukuu wakae uani, na asiyetaka kuendelea kesho yake, naye ni mwenye nyumba, awe tayari amefika kwake.

Pangani iko takriban kilomita 50 kusini ya mji wa Tanga, na fukwe za Ushongo ziko ng'ambo ya mto Pangani. Ninaipendelea kwa familia yenu kwa sababu mbili zilizo wazi: haina msongamano wa Nungwi, na bei za Agosti, ambao ni mwezi wa kilele visiwani, hazipandi kwa kasi ile. Lakini hapa, kama ilivyo kwa pwani yetu nzima, likizo huendeshwa na maji kuliko na hoteli. Wewe umekulia Tanga na unajua kupwa na kujaa. Mumeo, ambaye ameona picha za matangazo zilizopigwa maji yakiwa yamejaa, anaweza kuamka na kukuta bahari imeondoka akadhani ameibiwa. Kwenye pwani hii, siku za bamvua, yaani zile zinazoufuata mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu tofauti ya kina huwa ndogo, na maji hujaa mnamo saa nne asubuhi. Katikati ya hizo, saa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku.

Mwezi mpya wa Agosti 2026 ni tarehe 12. Maana yake ni kwamba mkifika Pangani tarehe 9, maji yatakuwa yamejaa karibu na adhuhuri na mtaoga mchana. Kuanzia tarehe 11 bamvua litakuwa linakaribia, asubuhi zitakuwa za kutembea kwenye mchanga ulioachwa wazi, na kuoga kutakuwa alasiri. Mpangilio huo unawafaa kuliko mlivyotegemea, kwa sababu kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari lenye matumbawe pembeni, huonekana vizuri maji yakikupwa na humezwa yakijaa sana. Kiwekeni asubuhi ya tarehe 11 au 12. Agosti ni msimu wa kusi, na upepo huongezeka kadiri siku inavyokua, kwa hiyo boti iondoke mapema, kila mtoto awe na jaketi la kuokolea linalomtosha yeye, si la mtu mzima lililokazwa kamba, na nahodha akisema leo hatutoki, asishawishiwe. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri kuvuka na boti ndogo kutoka Ushongo hadi Nungwi mkiwa na watoto, ingawa mtapewa fursa hiyo. Viatu vya mpira vya kutembelea majini ni muhimu kwa wote, kwa kuwa kwenye miamba kuna viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambayo ncha yake ikikatikia mguuni huharibu siku tatu.

Ikiwa mumeo atakataa katakata kuondoka bila Serengeti, ipo njia ya pili: Tarangire usiku mmoja, Karatu usiku mmoja, Seronera usiku mbili, kisha ndege ndogo kutoka Seronera moja kwa moja hadi Zanzibar, na Pangani iachwe. Seronera ina simba na chui mwaka mzima hata nyumbu wakiwa mbali. Ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, mkoba wa mkononi ukiwemo, na mabegi yawe laini. Kwa ufuo wa Zanzibar mwezi huo ningechagua Kendwa, ambako mtu anaoga maji yakiwa yamejaa au yamekupwa na kusi haliupigi ufuo kwa nguvu. Paje na Jambiani upande wa mashariki hupigwa na upepo huo uso kwa uso. Wapenda mchezo wa kuteleza kwa tiara wanafurahi, na mtoto wa miaka minne anakula mchanga.

Kwa njia yoyote mtakayoichagua, nunueni tiketi ya kuingilia Kilimanjaro na kuondokea Zanzibar, msirudi mlikotoka. Wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, utaratibu ulioanza Oktoba 2024. Bima yenu ya Ujerumani haiwaondolei sharti hilo, na Watanzania hawahusiki. Mji Mkongwe upewe usiku wa tarehe 13 na 14. Dawa za kinga ya malaria zungumzeni na daktari wa watoto huko huko Hamburg kabla hamjasafiri, na mifuko ya plastiki msiweke kwenye mizigo, kwa kuwa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Kabla hamjalipa chochote, mwombeni wakala awaonyeshe leseni yake ya biashara ya utalii na aandike kwa maandishi kama bei ina viingilio vyote pamoja na kodi, tozo ya kreta, maji ya kunywa, chakula cha mchana, na malazi ya dereva. Hilo la mwisho linawahusu kuliko linavyoonekana, kwa maana dereva aliyelala garini ndiye atakayewaendesha kesho yake. Vyumba vya Agosti hujaa mapema, hasa vya familia vyenye vitanda vinne, na kambi nyingi zisizo na uzio hazipokei watoto wadogo. Taja umri wa mdogo katika barua yako ya kwanza.

Sehemu dhaifu ya mpango huu ni kipande cha Tanga hadi Zanzibar. Ndege zake ni ndogo na viti ni vichache, kwa hiyo kishikeni kipande hicho kabla ya hoteli yoyote. Ikishindikana, ondokeni Pangani tarehe 12 mchana badala ya tarehe 13, mkalale Dar es Salaam, na asubuhi mpande boti ya abiria ambayo hufika Zanzibar kwa takriban saa mbili. Ombeni viti vya chini, katikati, ambako kusi huhisika kidogo zaidi.